Sikujibiwa nilivyoomba, na bado ninamwamini Mungu

Mume wangu alianguka alfajiri akijiandaa kwenda kazini. Alikuwa na miaka 41. Nilimkuta sakafuni, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia hauna nguvu, anajaribu kuniita na jina langu halitoki. Hospitali wakasema ni kiharusi. Damu ilikuwa imevujia upande wa kushoto wa ubongo, ndiyo maana upande wa kulia ulipooza na maneno yakakatika.

Wiki zile za kwanza simu yangu ilijaa mstari mmoja wa Biblia, Yeremia 29:11, ule wa mawazo ya amani wala si ya mabaya. Walionitumia walinipenda na siwalaumu. Ila usiku mmoja, nikiwa pembeni ya kitanda chake, nilifungua sura yenyewe na kuisoma tangu mwanzo. Kumbe ile ni barua. Yeremia aliiandika akiwa Yerusalemu, akawapelekea watu waliochukuliwa mateka hadi Babeli. Na mstari wa 10, ambao hakuna hata mmoja aliyenitumia, unataja miaka 70 kabla ya kurudishwa kwao. Mtu mzima aliyeisikia barua ile ikisomwa alijua kwamba yeye atazikwa Babeli. Ukirudi nyuma zaidi, mstari wa 5, Mungu anawaambia wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani na kula matunda yake. Huko huko ugenini.

Nililia sana usiku ule, kwa sababu nilijiona. Nilikuwa nimekalia mizigo yangu nikisubiri kurudishwa jana. Kila kulipokucha na mume wangu hajainuka, nilihesabu kwamba Mungu amekataa tena. Sikuwa nimewahi kumwomba nguvu za kuishi siku iliyokuwa mbele yangu.

Kuna jambo lingine lazima niliseme ingawa bado linaniuma. Miezi 4 kabla ya kuanguka, mume wangu aliombewa, akaambiwa presha imeondoka na kwamba kuendelea kumeza vidonge ni kukosa imani. Akaviacha. Presha mara nyingi haimuumizi mtu wala haimpi dalili yoyote, basi akajiona mzima kabisa. Ndugu yangu, kama uko kwenye dawa, omba na umeze. Ukiamini umepona, rudi ukapimwe, na daktari ndiye akuambie uache. Mungu haoni wivu kwa kidonge.

Nilimkasirikia aliyemshauri, nikamkasirikia mume wangu, na nilipochimba zaidi nikakuta ninayemkasirikia kuliko wote ni Mungu. Hilo sikuthubutu kulitamka. Nilipiga magoti nikasema "asante Bwana kwa yote", nikainuka na kifua kizito kuliko nilivyokiinamisha. Ikafika mahali nikawa siwezi kuomba kabisa, maana ni vigumu kukaa na mtu unayemficha jambo kubwa namna ile.

Kilichonifungua ni Zaburi. Ya 13 inaanza kwa kumuuliza Bwana hata lini utanisahau. Ya 88 ni nzito zaidi. Inalia tangu juu hadi chini na neno lake la mwisho ni giza. Nilitafuta pale mwishoni ule mgeuko wa sifa niliouzoea kwenye zaburi nyingine, sikuuona. Na bado imo ndani ya Maandiko, iliimbwa ibadani. Nikajiambia, kama mtu huyu aliruhusiwa, basi na mimi. Nikafunga mlango nikamwambia Mungu yote, kwa sauti, hata yale niliyoyaonea aibu. Sikupigwa. Nililala usingizi ambao sikuwa nimeulala kwa majuma.

Kwa hiyo kama uko humo sasa, usimpambie Mungu maneno. Anayelalamika mbele zake bado anaamini kwamba yupo na anasikia. Mimi naona hatari zaidi katika ile adabu ya juu juu niliyokuwa nayo.

Zitakuja siku hata malalamiko yatakwisha, na hapa mume wangu ndiye aliyenifundisha. Kwa miezi alikuwa akitoa sauti tu, mguno, pumzi, "mm" ya kupanda na "mm" ya kushuka. Mgeni hakuambulia kitu. Mimi nilijua hii ni kiu, hii ni mto umeteleza shingoni, hii ni huzuni tu na anataka nikae. Siku moja nikimgeuza kitandani, Warumi 8:26 ikanijia, pale inaposema Roho hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Nilisimama nimemshika bega. Kama mimi kwa upendo wangu mdogo huu nayaelewa maguno yake, Mungu atashindwaje kuyaelewa yangu? Tangu siku hiyo sijaogopa tena sala isiyo na maneno. Nakaa tu mbele zake, napumua, naondoka.

Mengine ni madogo lakini yananisaidia hadi leo. Lala unapoweza. Nabii Eliya alipoketi chini ya mti wa mretemu akaomba afe, hakupewa mahubiri. Alilala, malaika akamwamsha ale, akalala tena, akaamshwa ale tena. Mtu akikuuliza akusaidie nini, mtajie kazi kamili: kaa naye kwa muda wa saa mbili nioge na kupumzika. Na atakayekuja kukuuliza mmekosea wapi hadi haya yawapate, usibishane naye. Rafiki za Ayubu walifanya vema siku 7 walizokaa naye kimya, wakaharibu walipofungua vinywa.

Ni mwaka wa 6 sasa. Mume wangu anatembea kwa fimbo baada ya mazoezi ya viungo ya muda mrefu, mkono haujarudi, na maneno aliyonayo ni machache. Bado naomba apone kabisa. Naomba pia kwa ajili ya leo, na katikati tumepanda bustani yetu hapa hapa: anawakagulia watoto hesabu kwa kuweka alama kwa mkono wa kushoto, nami nimejifunza kazi ambazo zamani zilikuwa zake.

Jambo moja daktari alitutayarisha nalo, kwamba mtu aliyepoteza usemi kwa kiharusi wakati mwingine bado anaweza kuimba. Sikulitilia maanani. Jioni moja nilikuwa nakunja nguo nikiimba pambio polepole, nikasikia sauti ya pili nyuma yangu. Maneno yalikuwa kamili, mstari mzima, kutoka kwa mtu ambaye asubuhi ile alishindwa kusema "maji". Niliogopa kugeuka nisije nikaikata. Nikaendelea kukunja nguo, tukaimba hadi mwisho, tukaanza tena.