Bima ya afya ilipwe msimu wa masoko, si msimu wa homa

Ubishi wa bima ya afya kwa wote umefika mpaka vijijini kwetu huku Sikonge, mkoani Tabora. Ukikaa gulioni au nje ya ghala la AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, utausikia. Mmoja anasema shilingi 150,000 kwa kaya ya watu sita ni mzigo, maana CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ilikuwa 30,000 kwa kaya hiyo hiyo. Mwingine anasema hata hiyo 30,000 aliitoa, akafika dirisha la dawa akaambiwa haipo, kanunue nje. Wote wana hoja. Ila mimi nimeuguza ndugu wenye kadi na wasio na kadi, na mkulima mwenzangu nina neno moja kwako: pesa ya tumbaku ikiingia, toa ya bima kwanza, kabla ya mabati na kabla ya pikipiki.

Angalia mwaka wetu unavyokwenda. Masoko ya tumbaku yanafunguliwa mvua zikielekea kuisha, na miezi hiyo pesa inaonekana. Kuanzia mwezi wa kumi na mbili imekwisha, chakula kimepungua, kila mtu yuko shambani, na ndipo malaria inapopamba moto.

Baba mdogo alibanwa na ngiri mwezi wa kwanza. Tumbo limekaza, anatapika, hawezi kunyoosha miguu, na daktari akasema upasuaji ni leo leo. Kadi hana. Nyumbani hata nauli ya kumfuata haikuwepo. Yakauzwa mahindi yakiwa bado mabichi shambani, ekari nzima, kwa bei aliyoitaja mnunuzi mwenyewe, kwa sababu mwenye mgonjwa hana muda wa kubishana. Alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini wenzake walipokuwa wanavuna, mama mdogo alikuwa sokoni ananunua mahindi kwa debe. Hospitali walishailipa, wakaanza kuilipa njaa. Hasara ya namna hii haiandikwi kwenye risiti yoyote, na ndiyo inayoturudisha nyuma kuliko bei ya upasuaji wenyewe.

Wapo wanaouliza, nilipie ugonjwa ambao sina? Kijijini tunachangia misiba isiyo yetu mwaka mzima, na hakuna anayedai arudishiwe kwa sababu kwake hakujafiwa. Mfuko ambao watu wanaingia wakishaugua haudumu. Tuliliona kwenye Toto Afya Kadi, bima ya watoto ya NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Mzazi alilipa 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, wengi wakawa wanakata kadi mtoto akishakuwa mgonjwa, na mwaka 2023 NHIF ikasimamisha kuandikisha watoto mmoja mmoja. Kwa hiyo sheria iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, inayotaka kila mkazi awe na bima, naiunga mkono kwa moyo wote.

Lakini serikali nayo isikie. Sisi wa mkoa wa Tabora si wageni wa jambo hili. Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kwa majaribio hapa hapa mkoani, Igunga, mwaka 1996, miaka mitano kabla ya kutungiwa sheria. Tuna wazee waliolipa tangu enzi hizo. Ukiongea na walioacha, ni wachache wanaolalamikia bei. Wanakwambia dawa. Mtu ametoa mchango wake, ameandikiwa dawa, halafu anatumwa duka la dawa muhimu lililo hatua chache kutoka geti la kituo, na huko anazikuta zote. Huyo ukimletea bei mara tano ya ile ya zamani atakukimbia, na mimi siwezi kumlaumu. Dawa zitangulie, mchango ufuate.

Wakati tunasubiri hilo, kuna mambo yaliyo mikononi mwetu. Siku ya kuandikishwa simama na mwandikishaji mpaka umeona majina ya wote kwenye simu yake, na yafanane herufi kwa herufi na vitambulisho. Nimeona mama anazungushwa na mtoto ana homa kali kwa sababu jina la kadi lina herufi iliyozidi. Ukiugua anzia zahanati, na ukipewa rufaa hakikisha fomu ina mhuri na sahihi kabla hujapanda gari. Wengi wanaruka moja kwa moja kwenda hospitali kubwa, wanafika wanadaiwa fedha taslimu, wanarudi wanasema bima ni wizi. Jua pia mwisho wa kadi yako. Ile ya CHF iliyoboreshwa ilikuwa inaishia hospitali ya rufaa ya mkoa, kwetu sisi Kitete, na ukipelekwa hospitali ya kanda ya Bugando, Mwanza, ulikuwa unajitegemea. Kwa kadi yoyote utakayokata sasa, uliza hilo kabla hujalipa.

Mjamzito, mtoto chini ya miaka mitano na mzee wa miaka 60 na kuendelea asiyejiweza wana msamaha kwa mujibu wa sera. Mzee apelekwe ofisi ya kijiji atambuliwe akiwa mzima, si siku anapobebwa kwenye machela.

Kuhusu dawa, kila kituo cha umma kina kamati ya usimamizi, na ndani yake wapo wananchi wa kawaida kama wewe. Wajue kwa majina. Waulize fedha za bima zilizoingia kituoni ni kiasi gani na zimenunua nini. Kwetu tulianza kuuliza hivyo kwenye mkutano wa kijiji, na orodha ya dawa zilizopokelewa ikaanza kubandikwa ukutani.

Na wenye AMCOS, ombeni suala la bima liingie kwenye ajenda ya mkutano mkuu, wanachama waridhie kwa maandishi mchango ukatwe kwenye malipo ya tumbaku kama yanavyokatwa madeni ya mbolea. Lipelekeni kabla masoko hayajafunguliwa. Yakishafunguliwa kila mtu anawaza kilo zake, na hakuna atakayewasikiliza.