Nilienda kuomba chumvi

Mhariri, wiki hii mmeuliza: ukisikia mtoto wa jirani anapigwa kila siku, unaingilia au unanyamaza? Mi nakaa Mbagala, vyumba vya kupanga, ukuta mmoja tunagawana watu wawili, kijiko kikidondoka kwa jirani nasikia. Nilinyamaza miezi minne. Nasema hivyo wazi kwa sababu najua wapo wengi wanaosoma hapa wananyamaza sasa hivi na wala sio watu wabaya, unajiambia tu mtoto anarudiwa, kila mzazi na malezi yake, nikienda nitaambiwa nina kiherehere.

Mtoto mwenyewe wa kiume, darasa la pili. Kilichonishtua sio kelele, kelele nilishazizoea na hilo ndo linaniuma mpaka leo. Ni sweta. Mwezi wa pili, jua la Dar mnalijua, mtoto yuko bombani anachota maji kavaa sweta la shule mikono imeshuka mpaka kwenye vidole, nikamwambia baba vua hilo utalilowesha, akaniangalia, akauvuta mkono ukazama ndani zaidi. Hakusema kitu. Akabeba kindoo chake akaondoka.

Kesho yake nikaenda ofisi ya serikali ya mtaa. Niliyemkuta alinisikiliza nusunusu huku anamuandikia mtu barua ya utambulisho, akasema mama hayo mambo ya familia za watu, kaongeeni huko wenyewe kwa wenyewe. Nikarudi nyumbani nimenywea kabisa. Baadae ndo nikaja kujua kumbe Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa ana wajibu wa kuripoti serikali za mitaa, yaani pale sikwenda kufanya umbea nilienda kutimiza wajibu, na sheria hiyohiyo inasema adhabu iliyozidi kiasi ukiangalia umri wa mtoto na hali yake haikubaliki. Wale wa "anarudiwa" hapo pia wapasome.

Jioni yake kipigo kikaanza tena. Sikupanga chochote, nilijikuta nimeshika bakuli nipo mlangoni kwake, hodi, jirani nisaidie chumvi. Kimya. Akafungua. Mwiko mkononi, wali umeungua mpaka harufu imeingia kwenye pazia, mtoto kajibana kona ya kabati, na yule mama kakonda, macho mekundu, kanga kaifunga kama mtu aliyetoka kulazwa. Akachukua pakiti ya chumvi akaanza kunimiminia, bakuli likajaa, mkono unatetemeka, chumvi inamwagika chini na yeye anaendelea tu kumimina. Nilitegemea nimkute mtu mkali nigombane naye, nikamkuta mtu kaisha.

Nikakaa juu ya ndoo. Alianza kuongea saa moja usiku mpaka saa nne tulikuwa bado. Mikopo mitatu ya kausha damu, ile ya riba kubwa, wa pili kachukua kulipa wa kwanza, wa tatu kulipa wa pili, marejesho yanamsubiri kila wiki biashara ya maandazi haitoi hata hela ya mkaa, godoro walishalibeba, mwenzie kaenda machimboni Geita simu hapokei. Usiku halali. Akaniambia dada, nikimpiga naona kama anayempiga ni mtu mwingine, nikimaliza nalia kuliko yeye.

Naomba nieleweke vizuri hapa. Shida za mama hazifuti alama kwenye mkono wa mtoto, na yapo mambo ambayo hayana cha kwenda kuomba chumvi. Mtoto ameingiliwa, kachomwa, kavunjwa, hapo ni polisi dawati la jinsia na watoto na hospitali siku hiyohiyo, na kama kaingiliwa usimuogeshe, nguo zake usifue, ndo ushahidi huo, na dawa ya kumkinga na virusi vya ukimwi inatakiwa aianze ndani ya masaa 72 na kila saa inayopita ni hasara kwake. Vikao vya ukoo vya kulipana hela na mbuzi ili mambo yaishe kimyakimya mi nawaomba ndugu zangu viacheni, vinammaliza mtoto mara ya pili.

Kwa huyu jirani nilipiga 116, namba ya bure ya msaada kwa watoto. Nilijua nitaulizwa majina tu na shtaka. Wakaniuliza mtoto yuko wapi saa hizi, amekula, yuko mtu mzima karibu anayemuamini? Hilo la mwisho lilinichoma kwa sababu jibu lilitakiwa liwe mimi. Haikupita wiki afisa ustawi wa jamii akaja, akaongea na mtoto peke yake, akaongea na mama, akasema atarudi na kweli akawa anarudi. Akamuandikia mama aende kituo cha afya. Kule daktari akamuuliza usingizi, chakula, kama amewahi kuwaza kujidhuru, akamwambia hii ni sonona, ugonjwa wa akili wa huzuni iliyopitiliza, na inatibika, akaanzishiwa dawa na kliniki. Watu wengi ukiwatajia afya ya akili wanawaza hospitali ya Mirembe kule Dodoma na mtu aliyefungwa kamba, hawajui mtu anaweza akawa anachoma maandazi kila asubuhi na ni mgonjwa.

Ngumu ilikuwa kikoba. Tuna mfuko wa jamii, hela ya msiba na ugonjwa, nikaomba tumsaidie. Mwenzetu mmoja akasema huyo ana ugonjwa gani mbona anatembea, mwingine akasema ana majini apelekwe akasomewe. Tulibishana mpaka sauti zikapanda. Bibi mmoja mtu mzima sana, huwa haongei vikaoni, akasema mimi nilipozaa wa tatu nilikesha wiki mbili, nikawaza kumtupa mtoto kisimani, mama mkwe ndo alinipokonya akamlea yeye mpaka nilipotulia, na hakuwahi kumwambia mtu. Hakuna aliyebisha tena. Ikatoka hela ya godoro na nauli ya kliniki, wawili wakamsindikiza kwa wale wa mikopo kuomba apunguziwe marejesho, mmoja kakubali, wawili bado wanasumbua. Bibi yeye akasema mtoto akitoka shule ashukie kwake mpaka magharibi.

Na hizi sio habari za nyumba moja. Utafiti wa kitaifa wa 2009 kuhusu ukatili kwa watoto ulikuta karibu robo tatu ya vijana waliohojiwa walishafanyiwa ukatili wa mwili kabla ya miaka 18. Ndo maana mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili kwa wanawake na watoto, MTAKUWWA, tangu 2017/18 unataka kila mtaa na kijiji uwe na kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto. Kwetu ilikuwepo kwenye karatasi. Muulizeni mwenyekiti wenu wajumbe ni nani na wamekaa lini mara ya mwisho, muulizeni kwenye mkutano watu wakisikia.

Siwezi kusema jirani yangu kapona. Kuna siku zinamrudia, hasa siku ya marejesho. Ila tulikubaliana akiona kichwa kinaanza kujaa amtume mtoto kwangu na bakuli aje aombe chumvi, mi nabaki nae, hamna kuulizana. Juzi Jumanne kaja saa kumi na mbili jioni, kavaa fulana ya mikono mifupi. Kaweka bakuli mezani, kavuta kiti mwenyewe, kaniuliza leo umepika nini.