Fundi Anajibu: Hodhi la Zamani, Rangi Mpya

Shikamoo fundi. Nyumba tuliyoachiwa na wazee ina hodhi la kuogea la chuma, zito ajabu, rangi ya waridi iliyopauka. Enameli imebanduka sehemu mbili na kutu imeanza. Nataka liwe jeupe. Fundi wa mtaani anasema atapaka rangi ya mafuta siku moja na kumaliza. Nimruhusu? – Msomaji, Tanga

Marahaba. Usimruhusu. Rangi ya mafuta ni ya milango na madirisha. Ndani ya hodhi itakutana na maji ya moto, sabuni na dodoki kila siku; italainika na kuvuka kama gamba la nyoka. Unachohitaji ni epoksi ya makopo mawili, rangi na hadina yake (dawa ya kuigandisha), iliyoandikwa kabisa kwamba ni ya mahodhi na vigae vya bafuni. Hodhi la kawaida, urefu wa mita 1.5 hadi 1.7, lina eneo la karibu mita 3 za mraba upande wa ndani pamoja na kingo. Lita moja inatosha mikono miwili, yaani tabaka mbili. Kwa kuwa unaficha waridi kwa nyeupe, jiandae kwa mkono wa tatu: nunua lita moja na nusu.

Kazi yenyewe ni ya siku mbili au tatu, na kupaka ndiyo sehemu fupi kuliko zote. Enameli ni kioo kilichoyeyushwa juu ya chuma, kama kwenye vikombe vya bati vya zamani, na rangi haina pa kushika kwenye kioo kisafi, sembuse kioo chenye mafuta ya sabuni ya miaka arobaini.

Anza kwa kufungua chujio la kutolea maji na kifuniko cha tundu la juu la kuzuia mafuriko. Usipake kuzunguka vyuma hivyo, ving'oe. Kata silikoni yote ya pembeni kwa kisu, kisha ikwangue hadi usione hata uzi. Toa ukoko mweupe wa chumvi ya maji kwa siki au ndimu ya unga, suuza. Sugua kwa sabuni ya unga isiyo na mafuta, suuza tena, halafu rudia. Sasa mwaga maji safi ukutani mwa hodhi na uangalie. Yakitandaa kama shuka, pasafi. Yakijikusanya matone kama juu ya jani la mgomba, bado kuna mafuta au silikoni, na mahali hapo hapo ndipo rangi itakapobanduka.

Halafu msasa wa maji namba 400, hodhi likiwa limelowa. Sugua mpaka mng'ao wote ufe, hasa kwenye kona na chini ya bomba ambako mafundi hupitisha mkono haraka. Usisugue kavu: enameli za zamani huweza kuwa na risasi, ile metali yenye sumu, na vumbi lake si la kuvuta, wala la kuacha mahali watoto wanapotambaa. Tope lake lifute kwa matambara uyatupe.

Sehemu zenye kutu zikwangue mpaka uone chuma cha kijivu, pitisha dawa ya kutu yenye asidi ya fosfori, suuza, kausha kwa mashine ya kukaushia nywele. Jaza kwa puti ya epoksi. Puti ya magari achana nayo hapa, maana hufyonza maji. Ikikauka, isawazishe kwa msasa mpaka kidole kikipita usihisi ukingo; jicho litaudanganya moyo wako, kidole hakidanganyi.

Kwenye kupaka, tatizo kubwa la Tanga ni unyevu. Chuma kizito hubaki na baridi ya usiku, na hewa ya asubuhi ikikigusa hutoa jasho usiloliona. Epoksi ikipakwa juu ya jasho hilo hupauka na kuota utando wa mafuta mafuta. Subiri saa nne asubuhi, siku kavu, madirisha wazi, na usifanye kazi hii wakati wa masika. Bomba linalodondosha lifunge kwa tambara na mfuko wa nailoni. Tone moja usiku huacha shimo.

Changanya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, si kwa macho. Hadina ikipungua, rangi hubaki laini milele. Ikizidi, pia huiharibu. Koroga dakika tatu nzima, ukikwangua pembeni na chini. Changanya nusu kwanza, kwa sababu epoksi nyingi ndani ya kopo moja hujipasha joto na kuganda kabla hujafika nusu ya hodhi. Tumia rola ya sponji ya inchi nne, tabaka jembamba. Rangi nene kwenye ukuta wa hodhi hushuka machozi. Kwa mkono wa pili fuata saa zilizoandikwa kwenye kopo; ukizipitiliza, sugua kidogo kwa msasa namba 320 kwanza.

Kisha ngoja. Rangi ikikauka mkononi haijakomaa. Lipe hodhi angalau siku tatu bila tone la maji, na wiki moja ni bora kwa hewa ya pwani. Silikoni mpya na chujio jipya, pamoja na washa mpya ya mpira, ndipo virudi.

Salaam aleikum. Hodhi langu lilipakwa epoksi miezi mitatu iliyopita na sasa linabanduka kuzunguka tundu la maji, vipande vya ukubwa wa kucha. Pia palitokea vijishimo vidogo vidogo siku ile ile ya kupaka. Nipake juu yake? – Msomaji, Mombasa

Waaleikum salaam. Hapana. Vile vijishimo vinavyofanana na macho ya samaki ni silikoni au mafuta yaliyobaki, rangi iliyakimbia. Kubanduka kwenye tundu kunaonyesha fundi alipaka chujio likiwa mahali pake, maji yakapenya kwenye ukingo na kuinua rangi kutoka chini. Bandika gundi tepu penye rangi inayoonekana nzima, ivute kwa nguvu. Ikitoka na rangi, ng'oa yote. Isipotoka, kwangua hadi ufike sehemu inayoshika, lainisha ukingo, na utie kiraka.

Ukiweka ule mkeka wa mpira wenye vinyonyeo, utoe baada ya kila kuoga. Vinyonyeo vikikaa na maji chini yake huvuta rangi nzuri kabisa.

Habari fundi. Nina nyumba ya wageni. Mahodhi ni ya plastiki ngumu, si chuma, na nataka yawe meusi. – Msomaji, Nairobi

Njema. Jaribu sumaku kwanza. Isiponata na ukigonga pakasikika kama ndoo, ni akriliki au faibaglasi. Usipanguse kwa asetoni wala thina kali, huyeyusha akriliki. Tumia spiriti. Msasa ni namba 320 hadi 400. Panda ndani uchezeshe miguu: sakafu ikibonyea, tia udongo wa saruji au povu linalovimba chini yake kabla ya rangi, la sivyo itapasuka mistari. Ukirudisha silikoni, jaza hodhi maji kwanza ili lishuke kama linavyoshuka mtu akioga.

Kuhusu nyeusi, hela ni yako, ila maji yenye chumvi nyingi huacha alama nyeupe juu yake kila siku na mhudumu wako atalia. Kijivu cha wastani huficha zaidi.

Nimeuziwa dawa ya kung'oa rangi ya zamani, inanuka kali. Ina hatari? – Msomaji, Dodoma

Soma lebo. Ikitaja methilini kloraidi, irudishe dukani. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutulia ndani ya hodhi palepale unapoinamisha kichwa. Marekani, kati ya 2000 na 2011, walirekodiwa mafundi 13 wa mahodhi waliokufa kwa njia hii, na mwaka 2019 dawa hiyo ikapigwa marufuku kuuzwa kwa watumiaji wa kawaida. Barakoa ya vumbi haisaidii chochote hapo. Kwangua kwa mkono na msasa wa maji, polepole. Na asidi ya kusafishia vigae usiichanganye kamwe na dawa ya klorini ya kufulia. Gesi inayotoka huunguza mapafu.