Kuhusu ule mkanda mweusi

Dodoma, Jumapili jioni

Mwanangu Neema,

Jana kwenye simu uliniuliza kwa nini niliacha karate, nikakujibu mgongo. Mama yako alikuwa pembeni anachambua mlenda, na habari ya mgongo ndiyo anayoijua yeye miaka yote. Ndiyo maana nakuandikia.

Mkanda wenyewe upo. Mama yako amefungia gunia la uwele kule stoo, na fundo lake limekaa vizuri kuliko nililokuwa nafunga mimi.

Niliupata mwaka 1990, kwenye ukumbi wa sakafu ya saruji karibu na reli, vumbi likiingia madirishani mpaka gi, yale mavazi meupe ya karate, inageuka rangi ya chai. Siku ile sensei wetu alituambia kwamba shodan, daraja la huo mkanda mweusi, kwa Kijapani ni daraja la mwanzo tu, yaani ndio kwanza umeanza kujifunza. Tena akasema mambo haya ya madaraja karate iliazima kwa judo: Kano Jigoro ndiye aliyeanza kutoa dan miaka ya 1880, Funakoshi Gichin akaja kuzitoa kwenye karate mwaka 1924. Nilimsikia vizuri kabisa. Lakini kurudi nyumbani nilizunguka njia ndefu, ya sokoni, mkanda uko begani, wauza nyanya wauone.

Zaidi ya hapo sikuwa mtu wa majigambo. Ungeuliza watu wangekwambia baba yako mpole. Nilichokuwa nafanya ni kuchagua. Ukifika wakati wa kumite, kupambana wawili wawili, najikuta nimesimama mbele ya wale ninaowaweza. Akija yule fundi gereji wa mkanda wa kahawia, mwenye mikono mirefu, mimi niko kwenye kona narekebisha ngumi za watoto. Nikaanza kupenda kufundisha. Wakanisifu kwa kujitolea. Ikapita miezi minane hakuna aliyenigusa kifua, nami nikaamini ni ustadi wangu.

Ndipo akaja kijana wa Bahi, mkanda mweupe, amekulia machungani, miguu myembamba migumu kama mpini wa jembe. Wiki yake ya tatu nikamwita nimwelekeze jambo. Hata mikono sikuinua. Akatupa maegeri, teke la mbele, lile analoanza nalo kila mwanafunzi, likanipata kwenye chembe cha moyo. Nikakaa chini. Hakuna aliyecheka. Mtoto mmoja tu alisema, "Eeh!"

Nikanyanyuka, tukainamiana, halafu nikamfagia miguu yote miwili kwa nguvu ambazo hazikuwa za mazoezi. Akajikinga kwa mkono wa kulia, kifundo kikavunjika. Niliusikia ule mlio. Nikawaambia watu ni ajali, wakakubali, maana aliyesema alikuwa na mkanda mweusi.

Baada ya wiki mbili akaja ukumbini na hogo lake mkononi, akasimama mlangoni, akainama kama tulivyomfundisha. "Shikamoo, sensei."

Tangu siku ile sikukanyaga tena pale. Wengi walidhani nimeacha kwa majuto, na mimi mwenyewe nilipenda kudhani hivyo. Hapana, mama. Ningebaki, ingebidi nimwinamie yule kijana kila jioni mbele ya watu wanaojua. Funakoshi aliacha neno kwamba karate huanza kwa rei, kule kuinama kwa heshima, na huishia kwa rei. Yule kijana bado namdai rei yake, au tuseme yeye ndiye anayenidai.

Jana ulitupia maneno mawili matatu hivi, kwamba siku hizi unapenda kufundisha watoto kuliko kupigana, na kwamba kuna bwana mdogo ametokea kwenye ngumi ambaye hana adabu za dojo. Nilishtuka, sikusema. Labda kweli hana adabu. Na watoto nao wanahitaji mwalimu. Ila hebu kumbuka mara ya mwisho kusimama naye ilikuwa lini. Kama alikupiga na kesho yake ukarudi kusimama naye tena, basi haya yote ni ya kwangu, wewe hayakuhusu.

Mwezi uliopita nilimkuta kijana wangu soko la Majengo, anauza zabibu. Siku hizi ni mtu mzima, ana kitambi. Anapima kwa mkono wa kushoto, wa kulia haukunjiki vizuri. Alinitambua kabla sijawahi kugeuza njia. "Sensei!" Nikafungua mdomo niseme, akaja mteja. Nikasubiri, akaja mwingine. Nikanunua kilo nne.

Mama yako akauliza zote hizo za nini. Nikamwambia zilikuwa bei rahisi.

Baba yako