Andika Nyuma ya Picha

Novemba 2023, mvua za El Niño zilipokuwa zikitupiga huku pwani, shangazi yangu alinipigia simu kutoka Voi alfajiri huku analia. Alikuwa ametumiwa picha ya tuktuk iliyozama hadi kwenye viti, na maneno chini yake yakisema dereva amekufa maji Mombasa usiku huo. Nilipoifungua niliishiwa nguvu. Picha ilikuwa yangu. Niliipiga mtaani kwetu Kisauni wakati wa masika ya 2017, na dereva mwenyewe yu hai, asubuhi hiyo alikuwa barazani anakunywa chai na mahamri.

Mimi si mpiga picha wa gazeti. Nauza vipuri vya baiskeli, na kamera niliinunua kwa kuipenda tu. Picha ile niliiweka mtandaoni bila neno hata moja, nikiamini kwamba maji yale yanajieleza. Hayakujieleza, na mtu mwingine akayapa maneno yake.

Jioni dereva alinijia dukani. "Jamaa za mke wangu huko Kwale walikuwa washaanza kuchangishana nauli waje matangani. Wewe ndiwe uliyeipiga. Mbona hukuandika ni lini?" Sikuwa na jibu, na hadi leo swali lile naliona la haki kabisa.

Kwa hiyo vijana wanaponiuliza wanunue kamera gani, nawaambia hata ya simu yatosha, ila wajizoeze kuandika. Mahali, tarehe, nani yumo, na kilichokuwa kikitendeka. Andika siku hiyo hiyo kabla hujalala, kwa sababu ukingoja wiki moja utaanza kubahatisha. Ukiisafisha picha, andika nyuma yake kwa penseli laini, taratibu. Kalamu ya wino huacha alama upande wa mbele, na kwa unyevu wa hapa kwetu wino huvuja. (Unyevu huo huo huotesha ukungu ndani ya lenzi, basi vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu usivitupe, vitie pamoja na kamera kwenye mkebe unaofunga vizuri.)

Nyumbani kwetu kuna picha mbili za zamani. Moja ni ya Bandari ya Zamani, majahazi yamesongamana. Kwa wingi wake nakisia ni msimu wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, vyombo vilipokuwa vikiletwa na upepo kutoka Uarabuni. Mbele wamesimama wanaume wanne. Hakuna aliyebaki wa kutuambia ni akina nani. Ya pili ni ya nyanya na dada yake, wamevaa leso za doti moja, na nyuma mtu ameandika kwa herufi za Kiarabu majina yao yote mawili, na "Idi, 1964". Hii ya pili watoto huigombania. Ile ya bandari, ingawa ni nzuri zaidi, hakuna anayeiulizia.

Kuhusu mwanga sina mengi. Jua letu likishafika saa tatu asubuhi huwa kali na hufanya macho ya watu mashimo meusi, basi toka mapema, au subiri saa kumi na moja jioni. Vichochoro vya Mji wa Kale vina afueni, kwa vile kuta nyeupe hurudisha mwanga kwa upole hata mchana.

Lakini kuna siku ambapo kuandika jina ni kumdhuru mtu. Juni 2024, vijana walipoandamana kupinga Muswada wa Fedha, nilikuwa Moi Avenue na kamera yangu. Nilipiga migongo, mikono, mabango. Nyuso niliziacha, na zile chache zilizoingia kwa bahati mbaya nilizifuta usiku huo. Rafiki yangu alinilaumu kwamba nimefuta historia. Namheshimu, ila sikubaliani naye. Tarehe na mahali vinatosha kuonyesha kilichotokea, na kijana niliyemfuta hakunipa ruhusa ya kumtambulisha kwa kila atakayemtafuta kesho. Siku ya kawaida uliza kwanza, kwa salamu, kamera ikiwa chini. Siku kama ile, mlinde.

Baada ya lile la Kisauni niliipeleka picha studio nikaisafisha. Nyuma nikaandika: Kisauni, Mei 2017, maji ya masika, dereva yu salama. Nikampelekea kwake. Aliisoma mara mbili, akaniomba penseli, akaongeza jina la mwanawe. Ni yule mvulana aliyekuwa akiisukuma tuktuk kwa nyuma, ambaye miaka yote hiyo nilidhani ni mpita njia.