Maswali ya Wasomaji: Kompyuta Zimefika, Sasa Tuzifanyeje?

Shule yetu imepewa kompyuta 12 za mezani zilizotumika, zimetoka Marekani. Ya kwanza tuliyoichomeka ililia "paa!" ikatoa moshi. Zote ni mbovu? – Mwalimu wa sekondari, Mpanda

Msichomeke nyingine kwanza. Tazameni nyuma ya sanduku, karibu na tundu la waya wa umeme: pawa saplai (kifaa cha ndani kinachoigawia kompyuta umeme) nyingi za zamani zina swichi ndogo nyekundu yenye namba 115 na 230. Umeme wa majumbani Marekani ni volti 120, wetu ni 230. Swichi ikibaki kwenye 115, kapasita za ndani hupasuka papo hapo. Chomoeni waya, sukumeni swichi kwa bisibisi bapa hadi 230 ionekane, ndipo muwashe. Isiyo na swichi, someni kibandiko: 100–240V hujirekebisha yenyewe, 115V peke yake, ibadilishwe. Ile iliyotoa moshi msiitupe. Mara nyingi kinachokufa ni pawa saplai tu, basi fungeni nyingine mjaribu kabla ya kuizika.

Zikiwaka, angalieni tarehe. Ikirudi miaka ya nyuma kila mnapochomoa waya, kijibetri cha CR2032 kwenye ubao mama (ubao mkuu wa ndani) kimekwisha. Ni cha bei ndogo, lakini bila hicho tovuti nyingi hukataa kufunguka, kwa kuwa vyeti vyake vya usalama hukaguliwa kwa tarehe.

Intaneti kwetu ni ya kubahatisha na bando ni ghali. Watoto watajifunza nini zaidi ya kuchapa? Umeme wenyewe tunategemea sola. – Mwalimu mkuu, shule ya msingi, Kigoma

Masomo mtayabeba kutoka mjini kwenye diski. Kolibri, programu ya masomo inayotumika bila intaneti, ni ya bure, ina menyu za Kiswahili, na mwalimu huona nani amekwama kwenye zoezi lipi. Penye intaneti nzuri, isakinisheni kwenye mpakato, pakueni chaneli (mafungu ya masomo) mnazotaka, kisha zihamishieni kwenye diski ya nje. Shuleni mnaziingiza kwenye kompyuta moja itakayokuwa seva, yaani inayozigawia nyingine masomo. Programu ya Kiwix nayo hubeba Wikipedia nzima, ya Kiswahili ikiwemo. Wengi hukwama hapa: diski iliyofomatiwa (kuandaliwa kuhifadhi mafaili) kwa mtindo wa FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4, hata nafasi ikiwa tele. Ifomatini kwa mtindo wa exFAT, lakini hamisheni kwanza vilivyomo, maana kufomati hufuta kila kitu.

Ruta yoyote ya waifai inafaa, hata isiyo na laini ya simu. Seva iungeni kwa kebo, na kwenye mipangilio ya ruta mwifungie anwani moja, mfano 192.168.0.10. Msipofanya hivyo, ruta ikizimwa na kuwashwa anwani inaweza kubadilika, na darasa zima likakosa ukurasa. Watoto wataandika 192.168.0.10:8080 kwenye kivinjari. Kama seva yenyewe inafungua na wengine hawaioni, kwa kawaida ni faiwoli (kinga ya mtandao) ya Windows: tiki mtandao huo kuwa binafsi, si wa umma. Video zikikwamakwama, waketi wawili wawili kwa mashine moja. Ruta ndogo za nyumbani hulemewa upesi.

Kwa sola, mpakato 10 za wati 40 zikitumika saa 4 hula Wh (wati-saa) 1,600. Ongezeni robo kwa kinachopotea kwenye inveta na nyaya, mnafika 2,000. Betri za asidi zisishushwe chini ya nusu, la sivyo hufa mapema. Kwa hiyo akiba iwe Wh 4,000 au zaidi. Betri 2 za volti 12, Ah (ampea-saa) 200 kila moja, zinatoa 4,800. Paneli ziwe wati 500 hadi 600, kwa jua la saa 5 na vumbi lake. Fundi anayewauzia "sola ya kompyuta 10" bila kuuliza mtazitumia saa ngapi anabahatisha.

Nina mwanafunzi asiyeona. Kompyuta itamfaa? – Mwalimu, Lushoto

Itamfaa sana. Pakua NVDA, kisoma skrini cha bure cha Windows. Kinaweza kukaa hata kwenye flashi. Kwenye Windows 10 na 11 huanza na sauti za Windows, na Kiswahili kikisomwa kwa sauti ya Kiingereza hakieleweki. Bonyeza Insert+Ctrl+S uchague eSpeak NG, kisha Insert+Ctrl+V uchague sauti ya Kiswahili. Sauti yake ni kavu kama bati, ila maneno yanasikika. Punguza mwendo mwanzoni. Siku za kwanza mpe Insert+1: kila kitufe anachogusa kitajitaja, naye atajifunza kibodi bila kuharibu kitu, akianzia na vidutu vilivyo kwenye F na J. Ctrl hunyamazisha. Usimpe PDF za kurasa zilizopigwa picha, maana hapo hakuna herufi za kusomwa. Ziandike upya kwenye Word.

Ofisini kwetu taarifa za watoto tunaziweka kwenye kompyuta inayotumiwa na wote. Kuficha folda kunatosha? – Afisa ustawi wa jamii, Dodoma

Hakutoshi, mibofyo miwili inaifichua. Kila mtumishi awe na akaunti na nywila yake, na taarifa ziwekwe ndani ya faili lililofungwa kwa nywila kwa VeraCrypt, programu ya bure. Nakala yake ikae kwenye diski nyingine, kabatini penye kufuli. Nywila iandikwe na kufungiwa kwa mkuu wa ofisi, kwa sababu ikisahaulika hakuna fundi wa kuyafungua mafaili hayo.