Mtazameni aliyemkatalia rais wa chama chake

Mhariri, wiki hii mmeuliza: kati ya Warepublican na Wademokrat, nani wabebe lawama zaidi kwa vita vya Marekani, na sera ya nje yenye kujizuia itaanzia upande gani? Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naishi Columbus, Ohio, na napiga kura huku. Jibu langu la haraka ni kwamba Warepublican wabebe Iraq, Wademokrat wabebe Libya, Vietnam wagawane. Lakini nawasihi tusiishie hapo, kwa sababu kugawana lawama namna hii ndiko kunakowapa wanasiasa nafasi ya kuendelea kupigana.

Mchezo wenyewe ni wa zamani. Oktoba 1976, katika mdahalo wa wagombea wa umakamu wa rais mjini Houston, Bob Dole wa Republican alidai kwamba vita vya karne ile vilikuwa vya Wademokrat, na kwamba ukijumlisha Wamarekani waliouawa na kujeruhiwa unapata watu milioni 1.6, wa kutosha kuujaza mji wa Detroit. Ukitazama nani alikuwa Ikulu, hakukosea sana: Wilson, Roosevelt, Truman na Johnson wote walikuwa Wademokrat. Ila alizungumza kana kwamba chama chake hakikuwamo bungeni. Azimio la Ghuba ya Tonkin la Agosti 1964, lililomfungulia Johnson njia ya Vietnam, lilipita Baraza la Wawakilishi kwa kura 416 kwa 0, na Seneti kwa 88 kwa 2. Hao wawili, Wayne Morse na Ernest Gruening, walikuwa Wademokrat, watu wa chama cha rais. Mrepublican aliyekataa hakupatikana hata wa dawa.

Iraq sitaki kuwapunguzia Warepublican. Vita vile ni vya George W. Bush, na silaha alizotutishia nazo hazikuonekana. Kura ya Oktoba 2002 katika Baraza la Wawakilishi: Warepublican 215 waliunga mkono, 6 wakakataa. Wademokrat wengi wa baraza hilo walikataa, 126 dhidi ya 81. Lakini vukeni upande wa Seneti. Huko Wademokrat 29 walikubali na 21 wakakataa, na miongoni mwa waliokubali walikuwamo John Kerry, Hillary Clinton na Joe Biden. Wote watatu, mmoja baada ya mwingine, chama kikaja kuwasimamisha kugombea urais.

Na Bush huyohuyo, katika mdahalo wa Oktoba 2000, alikuwa akihubiri kwamba Marekani iwe taifa nyenyekevu na kwamba kazi ya jeshi si kuwajengea watu nchi zao. Nadhani alikuwa anasema kweli tupu ya moyoni mwake. Alikuwa bado hajaingia Ikulu, na operesheni za kulaumiwa wakati ule zilikuwa za Clinton. Obama naye alipanda jukwaani Chicago mwaka 2002 kuipinga vita ya Iraq akiwa seneta wa bunge la jimbo tu. Miaka tisa baadaye ndiye aliyekuwa akiipiga Libya. Kujizuia kumekuwa sera ya chama kilichokosa madaraka. Mkuki kwa nguruwe.

Libya ndiyo inayonikera kuliko vyote, kwa sababu pale unaona mchezo mzima ndani ya siku moja. Sheria ya mwaka 1973, iliyopitishwa juu ya kura ya turufu ya Nixon, inamtaka rais alijulishe Bunge ndani ya saa 48 akishaingiza jeshi vitani, na akiisha kufikisha siku 60 bila idhini aanze kuliondoa. Mashambulizi yalianza Machi 2011. Siku 60 zikapita. Wanasheria wa serikali wakajitetea kwamba kilichokuwa kikiendelea hakifikii kuitwa mapigano kwa maana ya sheria ile, huku ndege zisizo na rubani zikiendelea kurusha makombora. Tarehe 24 Juni, Baraza la Wawakilishi, likiwa mikononi mwa Warepublican, likapiga kura mara mbili. Kwanza: je, tuidhinishe vita hivi? 295 wakasema hapana, 123 ndiyo, na Wademokrat 70 walikuwa upande wa hapana. Pili: basi tukate fedha za mashambulizi? 238 wakasema hapana, 180 ndiyo.

Someni tena. Vita hawavipi ruhusa, na fedha hawavinyimi. Mbunge wa aina hiyo alirudi jimboni akiwa amejikinga kotekote: Libya ikinyooka, mimi sikuizuia, ikiharibika, mimi nilikataa, mlaumuni Obama. Lawama ya kichama haimgharimu kitu. Kukata fedha kungemgharimu.

Wademokrat nao wasicheke. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha azimio la kuiondoa Marekani katika vita vya Saudi Arabia huko Yemen, Seneti kwa 54 kwa 46 na Baraza la Wawakilishi kwa 247 kwa 175, na Trump akalipigia kura ya turufu. Ushujaa mkubwa. Desemba 2022, Ikulu ikiwa ya Biden, Bernie Sanders, seneta aliye upande wa Wademokrat, alitaka kulirudisha azimio la namna hiyo. Watu wa Ikulu wakasema wanalipinga, akaliondoa kabla halijapigiwa kura. Namheshimu Sanders, lakini hapo alituangusha.

Agosti 2021 nilikuwa kwenye chumba cha mapumziko cha ghala ninakofanya kazi, televisheni ikionyesha uwanja wa ndege wa Kabul, Marekani ikiondoka Afghanistan. Wamarekani wawili wa zamu yetu wakashikana maneno. Mmoja alisema damu ya wanajeshi 13 waliouawa langoni iko mikononi mwa Biden. Wa pili akamjibu kwamba mkataba wa kuondoka ulitiwa saini Doha, Februari 2020, na serikali ya Trump. Wote wawili walikuwa sahihi, na wangeweza kuendelea hadi zamu iishe. Kando yangu alikaa kaka mmoja wa Bukavu, akaniambia kwa Kiswahili cha kwao: “Hawa wanagombania mlango wa kutokea. Ile walifuata mule ndani miaka makumi mbili, hakuna mwenye anauliza.” Ripoti za kichama zilizotoka bungeni baadaye hazikuzidi sana ule ubishi wa ghalani.

Basi kama lawama haitufikishi, tutazame nini? Mimi namtazama Walter Jones, Mrepublican wa North Carolina, ambaye jimbo lake lilikuwa na kambi ya Lejeune ya jeshi la wanamaji. Mwaka 2002 aliipigia Iraq kura ya ndiyo. Machi 2003, Ufaransa ilipoipinga vita, yeye ni mmoja wa waliobadilisha menyu za mikahawa ya Bunge ili chipsi zisiitwe tena za Kifaransa, ziitwe “za uhuru”. Upuuzi mtupu, na mwenyewe alikuja kuujutia. Mwezi uliofuata alihudhuria ibada ya mazishi ya askari aliyeacha watoto pacha ambao hakuwahi kuwaona. Mjane akaisoma barua ya mwisho ya mumewe. Tangu hapo Jones akaanza kuziandikia familia za wanajeshi waliouawa, barua baada ya barua, maelfu kwa maelfu, na ukutani nje ya ofisi yake akatundika picha za marehemu wa Lejeune, ili anayekuja kumwona apite mbele yao kwanza.

Kufikia 2005 alikuwa anadai vita viishe, rais akiwa wa chama chake. Chama kilimpita alipostahili vyeo, na kwenye kura za mchujo aliwekewa wapinzani, akawa anashinda. Alipokuja Obama, watu wangeweza kudhani sasa amepata nafasi ya kulipiza. Naam, Juni 2011 alimshtaki Obama mahakamani kwa vita vya Libya, pamoja na Dennis Kucinich, Mdemokrat. Jaji aliitupa kesi kwa hoja kwamba hawakuwa na haki ya kuifungua. Jones sasa ni marehemu, lakini huyu ndiye mtu niliyeweza kumwamini akiniambia anapinga vita, kwa kuwa nimemwona akimpinga wa kwake kabla ya kumpinga wa wenzake.

Watu hao wapo, ila wachache, na hawakai upande mmoja. Jambo la karibu na kwetu ni Somalia. Idhini ya 2001 ya kuwapiga kijeshi waliohusika na mashambulizi ya Septemba 11 ilipitishwa siku tatu baada ya mashambulizi hayo, na aliyeipinga katika Bunge zima ni Barbara Lee wa California peke yake. Akatishiwa kuuawa hata akapewa ulinzi. Mwaka 2016 serikali ya Obama iliamua kwamba idhini hiyohiyo inawafikia na al-Shabaab. Januari 2020, Wamarekani watatu wakauawa na al-Shabaab kwenye kambi ya Manda, Lamu. Trump akaondoa wanajeshi wapatao 700 Somalia mwishoni mwa muhula wake, Biden akawarudisha mamia kadhaa Mei 2022. Aprili 2023 Baraza la Wawakilishi likaulizwa kama waondoke. Waliosema ndiyo walikuwa 102: Warepublican 52, Wademokrat 50. Waliosema hapana, 321. Hilo ndilo jibu langu kwa nusu ya pili ya swali lenu.

Kuna msomaji atakayeniuliza kama kujizuia ni kuzuri siku zote. Hapana, na sisi wa Afrika Mashariki tunajua hivyo kwa uchungu. Bush mzee alipeleka jeshi Somalia Desemba 1992. Oktoba 1993, chini ya Clinton, wanajeshi 18 wa Marekani wakauawa Mogadishu pamoja na mamia ya Wasomali. Washington ikawaka lawama; waziri wa ulinzi, Les Aspin, akang'oka. Wanajeshi wakamaliza kuondoka Somalia mwishoni mwa Machi 1994. Mauaji ya Rwanda yakaanza wiki chache tu baadaye, Aprili, na tarehe 21 ya mwezi huo Baraza la Usalama, Marekani ikiafiki, likakipunguza kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichokuwa Kigali hadi watu 270. Serikali ya Clinton ilijizuia, ndiyo, lakini kwa kuogopa kulaumiwa mara ya pili. Wala Bunge halikuitwa kupiga kura ya kutuma jeshi kuzuia mauaji yale au kulikataza, na hadi leo hakuna mbunge wa chama chochote mwenye kura ya kuulizwa.